Viti vya Watu Sita Barazani

Noah ya watu wanane ikitolewa viti vya nyuma humeza matenga ya nyanya zaidi ya ishirini. Hilo halina ubishi. Mlango wa pembeni unasukumwa, wa nyuma unanyanyuliwa, sakafu inabaki wazi kutoka migongo ya viti vya mbele hadi taa za nyuma, na mfanyabiashara akichungulia humo anaona fedha.

Mwenye Noah wa kisa hiki nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo asitafutwe Ilula. Sikumpa hata jina. Barabara anayopita ipo, mlima anaoteremka upo, na hesabu za kilo nitakazoweka hapa mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuzirudia.

Alikuwa mtu wa Ilula, wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, huko ambako nyanya na vitunguu hupangwa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kwa misimu kadhaa alikuwa akikusanya nyanya mashambani na kuzipakia kwenye Fuso la mtu, analipa nauli kwa kila tenga, kisha anapanda basi kuzifuata Dar es Salaam, soko la Ilala. Fuso lina maudhi yake. Halitoki mpaka lijae. Likilala njiani siku moja kwenye joto la Morogoro, nyanya za juu zinaiva kupita kiasi na za chini zinatoa maji. Tena kule sokoni kuna siku unakuta tenga lako limehesabiwa la mwenzako, na wa kumlaumu hayupo. Basi alipopata mkopo wa SACCOS na kununua Noah, lile toleo lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2001, injini mbele na mwendo kwenye magurudumu ya mbele, aliona ameaga Fuso. Nyumbani alisema ni gari la familia. Na miezi ya mwanzo ikawa kweli: kanisani, misibani, kuwapeleka watoto kwa bibi yao.

Msimu wa nyanya ulipoingia akalipeleka gereji.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, bosi. Gari lina nini?"

"Halina neno. Nataka unitolee viti vya nyuma."

"Vya kati au vya mwisho?"

"Vyote."

Fundi akachukua spana. Haikupita saa moja viti vya watu sita vikawa vimepangwa kwenye vumbi mbele ya gereji. Hakuuliza vinatolewa kwa nini, na mwenye gari hakuona haja ya kueleza. Kila mmoja alikuwa anajua kazi yake: mmoja kufungua bolti, mwingine kulipa.

Kufungua kiti cha gari ni kazi nyepesi mno, na wepesi huo unawadanganya watu wadhani kiti ni samani tu. Kwanza, kwenye magari mengi madogo tangi la mafuta liko chini ya eneo hilo hilo la viti vya nyuma, na pengine hata mfuniko wa pampu ya mafuta uko chini ya mto wa kiti. Kiti kikiondoka, mfuniko na nyaya zake hubaki zikikanyagwa na matenga. Pili, chini ya zulia hupita mikanda ya nyaya za taa za nyuma na za vifaa vingine. Pembe ya tenga ikizisugua kwa mwezi mmoja, siku moja taa ya breki haitawaka na hakuna atakayejua kwa nini. Viti vingine, hasa vya mbele na vya magari ya karibuni, vina mifuko ya hewa au vihisio vyenye soketi za rangi ya njano. Ukizichomoa, taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, na mfumo mzima wa mifuko hiyo unaweza kujizima, pamoja na ule wa dereva. Na yale matundu ya bolti, kama yametoboka hadi nje, yakiachwa wazi huingiza vumbi, maji na moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza dereva usingizi akiwa kwenye usukani.

Wenye magari ya haibridi, kama Prius na Aqua, wana la ziada. Betri kubwa ya gari hukaa huko huko nyuma, chini ya kiti au nyuma yake, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia kitundu chenye vidirisha kilichopo ubavuni mwa kiti. Gunia la viazi likiegemea hapo, betri inakosa pumzi. Nyaya za rangi ya chungwa unazoziona humo ni za umeme mkubwa, na fundi wa kawaida hana kazi nazo.

Noah ya Ilula haikuwa ya haibridi, na fundi aliziba matundu kwa gundi. Viti vikapelekwa nyumbani, vikawekwa barazani. Watoto wakavishangilia. Kile cha kati kinacholala nyuma kikawa cha babu wa jirani, aliyekuwa akija kila jioni kukikalia na kusinzia. Mama wa nyumba alipenda baraza lake jipya, lakini alikuwa na swali.

"Baba watoto, hili gari si la watu wanane?"

"Ndiyo."

"Sasa ukilijaza nyanya litaweza?"

"Nyanya si watu, mama."

Jibu lile lilimridhisha mwenye kulitoa, na safari ya kwanza ikalithibitisha. Alipakia matenga tisa. Tenga la nyanya likijazwa kwa haki hufika kilo 40 hivi, bila kuhesabu yale ya lumbesa yanayofungwa kilima juu. Akateremka hadi Dar es Salaam usiku, akauza asubuhi, nyanya zikiwa bado zina ubichi wa shambani, akapata bei ambayo mwenye Fuso hawezi kuipata. Gari halikulalamika.

Halikuwa na sababu ya kulalamika, na hapa nitasimama kidogo kwa ajili ya hesabu. Japani, gari la abiria linapoandikishwa, kila mtu huhesabiwa kuwa na kilo 55. Uzito wa juu kabisa wa gari, yaani ule ambao halipaswi kuuvuka likiwa limepakia, hupatikana kwa kuchukua gari tupu na kujumlisha kilo 55 mara idadi ya viti. Kwa Noah ya watu wanane hiyo ni kilo 440, dereva akiwemo. Mtoe dereva na msaidizi wake, watu wazima wawili wa kilo 130 kwa pamoja, zinabaki kilo 310. Hayo hayafiki matenga manane. Viti vilivyotolewa navyo vina uzito wake, kwa hiyo unaongeza tenga moja, labda mawili. Matenga tisa, basi. Safari yake ya kwanza ilikuwa imefika ukingoni kabisa mwa uwezo wa gari, na mbele ya macho yake nusu ya nafasi ilikuwa bado tupu.

Kung'oa viti kulimwongezea uwazi wa kuweka matenga kumi na zaidi, na uwezo wa kubeba tenga moja au mawili. Springi ni zile zile. Breki, tairi, vyuma vinavyoshika magurudumu, vyote havikujua kama viti vimetoka.

Wajapani wenyewe hulitenganisha jambo hili wazi. Chukua Probox, gari ambalo nchini Kenya limekuwa punda wa kila kazi, kuanzia abiria wa vijijini hadi magunia ya sokoni. Toleo lake la mizigo hutoka kiwandani likiwa na maandishi ya uzito nyuma: kilo 400, na katika mabano, 250. Ya kwanza ni kiti cha nyuma kikiwa kimekunjwa na watu wawili tu mbele. Ya pili ni watu watano wakiwemo. Gari lililoundwa tangu mwanzo kwa mizigo, lenye kiti kinachokunjwa kikalala bapa bila spana, limepewa kilo 400. Noah yetu iliundwa kubeba familia.

Safari ya pili yalikuwa matenga kumi na manne. Ya tatu kumi na nane. Simlaumu sana. Nafasi iliyo wazi hushawishi, na gari lina tabia mbaya ya kuvumilia: haligomi kilo zikizidi, linaendelea tu kwenda, kila kitu ndani yake kikifanya kazi karibu zaidi na mwisho wa nguvu zake. Alichokiona yeye ni mkia kukaa chini. Mpira wa tairi za nyuma ukawa unasugua ndani ya matao akipita kwenye matuta, na usiku madereva waliokuwa wakikutana naye kwenye ile njia ya Mikumi wakawa wanammulikia kwa hasira, maana mkia ukikaa pua inanyanyuka, na taa zisizo kali zinakuwa kali machoni mwa anayekuja.

Trafiki naye alianza kumsimamisha. Gari lililokaa mkia huonekana kwa mbali.

Akarudi kwa fundi. Safari hii alieleza shida: mkia. Fundi akatia vipande vya mpira mgumu katikati ya koili za springi za nyuma na kubadilisha shokapu. Gari likasimama wima kama jipya. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipofanyika kosa kubwa kuliko la kung'oa viti. Mkia kukaa ulikuwa ndio usemi pekee wa gari lile, njia yake ya kusema kilo zimezidi. Wawili hao waliunyamazisha, wakatoka gereji wakidhani wameponya. Trafiki akawa haoni kitu. Dereva mwenyewe akawa haoni kitu. Matenga yakafika ishirini na mawili.

Ishirini na mawili mara 40 ni kilo 880. Kwa ile hesabu ya Japani, hao ni watu kumi na sita. Angewaketisha watu kumi na sita nyuma ya Noah, polisi wa kwanza angemteremsha, abiria wangepiga picha, na mkewe asingekubali alale nyumbani. Nyanya zilipita salama kwa sababu nyanya hazina vichwa vya kuchungulia dirishani.

Ziangalie tairi tu. Noah ya aina hiyo huvaa tairi za 195/65 R15, na pembeni mwake huandikwa 91. Namba hiyo wengi hawaisomi. Maana yake ni kwamba tairi moja, ikiwa nzima na imejazwa upepo ipasavyo, inahimili kilo 615. Mbili za nyuma ni kilo 1,230. Gari tupu lina tani moja na nusu hivi, na upande wa nyuma hubeba kilo mia sita na ushee kati ya hizo. Ongeza sehemu kubwa ya kilo 880 iliyolala juu ya magurudumu ya nyuma, unafika kwenye mpaka au unauvuka, na hapo tunazungumzia tairi mpya. Za kwake zilikuwa mitumba.

Siku ya kisa chetu alikuwa na mpwa wake, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa likizo na kuomba kwenda kuiona Dar es Salaam. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa na tenga pia, la ishirini na tatu, la shangazi fulani aliyeomba msaada. Kijana akapanda nyuma, akajilaza juu ya mzigo, kati ya matenga na paa, juu ya kanga iliyokunjwa. Alilala kabla hawajafika mlimani.

Mlima huo ni Kitonga. Anayetoka Ilula kwenda Ruaha Mbuyuni anashuka mamia ya mita kwa njia ya kona kali iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde. Malori ya Tunduma, yanayotoka Zambia na Kongo, hushuka hapo kwa mwendo wa kinyonga, na madereva wake wanajua kwa nini. Mwenye Noah alishuka gia ikiwa kwenye D, kama alivyozoea, mguu kwenye breki. Wako wanaoweka hadi N mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Yeye hakufikia huko. Lakini D inaliachia gari lijikimbilie, na kazi yote ya kulizuia inabaki kwa breki.

Gari na mzigo na watu wawili lilikuwa na tani mbili na nusu hivi. Uzito huo ukishuka mita 100 tu, nguvu inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha lita saba za maji kutoka ubaridi wa bombani. Sehemu yake humezwa na upepo na injini; iliyobaki yote huingia kwenye vyuma vinne vya breki, vikubwa kama sahani ya chakula. Mita 100 zinazofuata, lita saba nyingine. Pedi zikipata moto hivyo hupoteza msuguano, nawe unazidi kukanyaga. Kisha joto linaifikia oili ya breki. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na iliyozeeka inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Mguu unazama hadi sakafuni na gari haliitiki.

Alisikia kwanza harufu, akadhani ni ya lori lililokuwa mbele. Kwenye kona ya tatu pedali ikawa laini. Kwenye ya nne ikazama.

Nimpe haki yake: alichofanya baada ya hapo kilikuwa sahihi. Hakujaribu kulipita lori, hakulielekeza gari bondeni. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akalisukuma gari kwenye mtaro wa upande wa mlima, ubavu ukisugua mawe. Lilipoingia mtaroni na pua kugonga ukingo wa zege, tukadirie lilikuwa kwenye kilometa 40 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu kupita mbele ya shule. Akiwa na mkanda, ndani ya Noah yenye viti vyake na abiria wake wamefunga mikanda, angeweza kutoka akitetemeka na kupiga simu.

Kilichotokea ni kwamba gari lilisimama na mzigo haukusimama. Kutoka kilometa 40 hadi sifuri ndani ya nusu mita, kila kitu kisichofungwa hujitupa mbele kwa nguvu ya mara kumi na mbili na zaidi ya uzito wake. Tenga la kilo 40 lilisukuma kama nusu tani. Lile la nyuma lilisukuma la mbele yake, na la mbele likasukuma mgongo wa kiti cha dereva.

Kiti cha nyuma cha gari la abiria ni kizuizi pia. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya magari ina jaribio lake: masanduku mawili ya kilo 18 kila moja huwekwa nyuma ya kiti, kisha gari au fremu yake hukatishwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, na mgongo wa kiti unatakiwa uyazuie yasiingie kwa watu. Masanduku mawili. Kilo 36. Watengenezaji wanahangaika na vyuma na makufuli ya kiti kwa ajili ya kilo 36, na kizuizi hicho ndicho kilichokuwa barazani Ilula, babu wa jirani akisinzia juu yake.

Dereva alibanwa kati ya kiti na usukani. Mbavu zilivunjika, na mfupa wa paja. Mpwa alipita juu ya mzigo hadi kwenye kioo cha mbele, na matenga ya juu yakamfuata. Waliomtoa ni utingo wa malori na akina mama wauza vitunguu waliopanda mbio kutoka chini. Anaishi. Uti wa mgongo uliumia kiunoni, hatembei, na mtihani wa kidato cha nne aliufanya mwaka uliofuata akiwa kwenye kiti cha magurudumu kilichochangiwa na usharika.

Ya fedha nitayapitia haraka kwa kuwa ni madogo kando ya hilo. Gari lilikuwa na bima kubwa, ya gari binafsi. Mtathmini wa kampuni ya bima alifungua mlango wa nyuma, akaona zulia lenye madoa ya nyanya na matundu ya bolti yaliyozibwa kwa gundi, akapiga picha, akaomba kadi ya gari. Kadi inasema viti vinane, matumizi binafsi. Bima iliuzwa kwa gari lile la kwenye kadi. Gari lililokuwa mtaroni lilikuwa jingine. Madai yakakataliwa. Mabadiliko ya namna hiyo yalipaswa kufikishwa mamlaka ya mapato (TRA) na kwa kampuni ya bima kabla, na pengine angeambiwa hapana, au angetozwa zaidi, au mtu angemuuliza swali la kilo. Mkopo wa SACCOS uliendelea kudai kila mwezi kama kawaida ya mikopo. Mkewe akarudi kwenye Fuso. Siku moja alikaa na daftari akajumlisha mafuta, pedi, tairi, shokapu, springi na vile "vya chai" vya njiani vya msimu mzima, akagawanya kwa matenga. Nauli ya Fuso ilikuwa nafuu. Sitaandika tarakimu zake kwa kuwa bei ya mafuta hubadilika kila mwezi, lakini mwenye gari dogo na ajaribu mwenyewe, akiweka na uchakavu, ambao ndio watu husahau.

Sisemi kiti kisiguswe milele. Kuna mtu anahamisha godoro na kabati, kuna anayepeleka vifaranga, kuna fundi seremala mwenye mbao ndefu nyepesi. Kiti kinachokunjwa kikunjwe. Kikibaki ndani, kufuli lake na chuma chake bado vina kazi. Kikilazimika kutoka, bolti zirudishwe kwenye matundu yake, mfuniko wa pampu ukaguliwe, na nyuma ya viti vya mbele kiwekwe kizuizi cha mabomba au wavu wa chuma uliofungwa kwenye bodi ya gari, si kwenye plastiki. Kizito kiwe chini kabisa na kiguse kizuizi, kusiwe na pengo la kukimbilia. Vyote vifungwe kwa mikanda ya kubana mizigo kwenye pete za sakafuni. Kamba ya katani juu ya matenga ni ya kuzuia nyanya zisidondoke, haizuii kitu gari likigonga. Ukiacha kiti cha nyuma kikiwa wima na hakina abiria, funga mikanda yake hivyo hivyo mitupu, maana huusaidia mgongo wa kiti kushikilia mzigo wa kwenye buti. Mteremkoni weka gia ya chini, ile iliyoandikwa 2 au L, kabla ya kuanza kushuka. Na juu ya mzigo asipande mtu, hata kwa hatua mbili za kufika dukani, hata kama ni mtoto wa nyumbani anayeomba kwa adabu.

Fundi yule wa Ilula hakushitakiwa na mtu. Hakukuwa na cha kumshitakia. Alifungua bolti alizoambiwa. Lakini alikwenda hospitalini Iringa kumwona kijana, na tangu hapo amekuwa na swali ambalo hakuwa nalo.

Juzi alikuja mteja na Toyota Wish, mfanyabiashara wa viazi mviringo kutoka upande wa Njombe. Alishuka amevaa koti la baridi, akasalimia vizuri, akasema anataka viti vya nyuma vitolewe.

"Utabeba kilo ngapi?" fundi akauliza.

"Si nyingi. Gunia nne, tano."

"Gunia za kilo mia, au za lumbesa?"

"Fundi, mimi nimekuja kutolewa viti."

"Najua, kaka. Nauliza kilo. Hili ni la watu saba. Gunia tano za lumbesa zimezidi watu wote hao, na wewe hujapanda. Nikukunjie tu viti, tukuwekee kizuizi, ubebe mbili?"

Mteja akamtazama, akatazama na gereji, kama anayehakikisha kwamba amefika mahali sahihi. Akaaga kwa heshima, akawasha gari, akavuka barabara hadi kwa fundi wa ng'ambo. Kabla ya adhuhuri viti vya Wish vilikuwa vimepangwa chini, na fundi wa ng'ambo anahesabu hela.